Namba 2 ya mwaka 2009: kisa cha Hasheem Thabeet

Tarehe 25 Juni 2009, jijini New York, kamishna wa NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu Marekani, David Stern alipanda jukwaani kutangaza chaguo la pili la drafti, usiku ule ambao timu hupokezana zamu kuchukua chipukizi wa mwaka. Zamu ilikuwa ya Memphis Grizzlies. Jina lililotajwa lilikuwa la mtoto wa Dar es Salaam: Hasheem Thabeet, senta (mchezaji mrefu wa kukaa chini ya goli) wa Chuo Kikuu cha Connecticut, umri miaka 22, urefu mita 2.21.

Miezi minane kamili baadaye, tarehe 25 Februari 2010, Memphis hao hao walimpeleka Bismarck, North Dakota, akachezee Dakota Wizards katika D-League, ligi ya kukuzia wachezaji iliyo chini ya NBA. Kabla yake, hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi hicho aliyewahi kushushwa huko.

Mtu mmoja, rekodi mbili. Ya kwanza, kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, tunaitamka kwa fahari na hakuna atakayeifuta. Ya pili ndiyo inayokumbukwa zaidi Marekani, ambako kila drafti ikikaribia watu hupanga orodha za machaguo mabaya na jina lake halikosekani.

Hapa mjini hadithi imegawanyika makundi mawili. Ukikaa pembeni ya uwanja wa Don Bosco jioni ya mechi za ligi ya mkoa, utamsikia mmoja akisema Hasheem alibweteka baada ya kuona fedha, na mwingine akijibu kwa sauti kubwa zaidi kwamba Wazungu walimwonea, walimkalisha benchi makusudi. Nimeyasikia yote mawili kwa miaka mingi na sikubaliani na lolote kati yake. Kila moja linamtafuta mkosaji na kuuacha mpira wenyewe. Mimi naona namba 2 ilikuwa bei ya urefu na matumaini, haikuwa kipimo cha kazi aliyokuwa tayari kuifanya wakati ule. Na timu iliyoilipa bei hiyo haikuwa na nafasi wala subira ya kumngoja. Ili kuliona hilo inabidi tuupitie mpira wake hatua kwa hatua, kuanzia alipoushika.

Hasheem alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari 1987. Baba yake, msanifu majengo, alifariki dunia kwa kisukari kijana akiwa bado shuleni, na mama akabaki na watoto watatu. Alisoma Makongo, shule ambayo wapenzi wa michezo wa miaka ile wanaijua vizuri, kwa kuwa chini ya Kanali Idd Kipingu ilitoa wanamichezo kama shule nyingine zinavyotoa makarani. Mpira wa kikapu aliuanza akiwa na miaka 15 hivi. Weka umri huo akilini, tutaurudia. Muda si mrefu alikuwa Marekani, akapita shule kadhaa hadi akamalizia Cypress Community Christian mjini Houston, na mwaka 2006 akaingia Connecticut, chini ya kocha Jim Calhoun.

Kwa hiyo alipovaa jezi ya chuo kikubwa, mchezo wenyewe alikuwa nao kwa takriban miaka minne tu. Wenzake wengi aliokutana nao uwanjani walikuwa na mpira mkononi tangu wakiwa na miaka sita au saba. Walikuwa wamekwisha kucheza mamia ya mechi, wamefanya makosa yao yote ya kitoto mbele ya watu wachache, wakayasahau. Yeye makosa hayo alikuwa anayafanya kwenye televisheni ya taifa.

Hata hivyo alichokifanya chuoni hakikuwa mchezo. Msimu wa kwanza, 2006–07, alizuia mitupo 3.8 kwa mechi. Wa pili 4.5, wa tatu 4.2. Pointi zake zilipanda kutoka 6.2 hadi 10.5 hadi 13.6, na ribaundi, mipira anayoidaka baada ya mtupo kukosa, kutoka 6.4 hadi 7.9 hadi 10.8. Mwishoni mwa Januari 2009, dhidi ya Providence, alimaliza mechi akiwa na pointi 15, ribaundi 11 na bloku, yaani mitupo aliyoizuia, 10. Katika misimu mitatu alifikisha bloku 417, wa pili katika historia ya Connecticut nyuma ya Emeka Okafor mwenye 441, na Okafor naye alichaguliwa namba 2 mwaka 2004. Mwaka 2008 na 2009 Hasheem alitajwa mlinzi bora wa Big East, ligi ya vyuo iliyokuwa kali kuliko zote wakati ule, na mwaka 2009 akagawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi hiyo na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Msimu huohuo timu yake ilishinda mechi 31, ikafika nusu fainali ya taifa jijini Detroit, ikatolewa na Michigan State kwa 82–73.

Takwimu za bloku huficha kitu kimoja ambacho aliyewahi kucheza anakijua. Bloku nne zinaandikwa kwenye karatasi. Mitupo kumi ambayo washambuliaji waliogopa kuitupa haiandikwi popote. Hasheem alikuwa akisimama chini ya goli, na wachezaji wenye akili timamu walikuwa wakifika nusu ya njia, wanamwona, wanarudisha mpira nje. Alikuwa anaharibu mchezo wa timu nzima bila kugusa mpira. Hicho ndicho Memphis walichokinunua, na hakikuwa kitu cha kuwaziwa. Kilikuwepo kweli.

Ila onyo lilikwishatolewa mapema, mbele ya nchi nzima. Na lilitolewa siku yake ya kuzaliwa.

Tarehe 16 Februari 2009 Hasheem alitimiza miaka 22. Connecticut walikuwa namba moja kwenye viwango vya taifa, na usiku huo walikutana na Pittsburgh, timu ya Blair. Blair ni mtu wa mita 2.01 hivi, sentimita 20 pungufu ya Hasheem, lakini mapana, mzito wa makalio na mapaja, na anayekaa chini sana anapogombea mpira. Mapema katika mechi hiyo walishikana wakigombea ribaundi, mikono yao ikanasana, na Blair akamvuta Hasheem akamrusha kupitia juu ya bega lake hadi sakafuni. Picha ile ilizunguka sana. Wengi waliiona kama tukio la kuchekesha au la ubabe, lakini kwa kocha ilikuwa somo la mwili. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Hasheem alipata pointi 5 na ribaundi 4. Pittsburgh walishinda 76–68.

Kilichotokea pale hakina uhusiano na moyo wala ujasiri. Senta mrefu mwenye miguu myembamba ana kitovu cha uzito kilicho juu. Akisukumwa kwenye nyonga kabla hajaruka, urefu wake wote unakuwa hauna kazi, kwa sababu mkono wake unafika juu mahali ambapo mpira haupo tena. Dawa yake inajulikana: kukaa chini kwa magoti yaliyopinda, kumgusa mpinzani kwanza na kumzuia kwa mgongo na makalio, ndipo umfuate mpira. Hiyo ni tabia inayojengwa kwa maelfu ya marudio tangu utotoni, mpaka mwili unaifanya bila kuulizwa. Hasheem aliijua kwa kichwa. Mwili wake ulikuwa bado.

Blair aliyemrusha chini alichaguliwa namba 37 katika drafti ileile ya 2009, kwa sababu timu ziliogopa magoti yake. Drafti haipimi nani alimshinda nani. Inanunua kesho, na kesho ya mtu wa mita 2.21 anayekimbia vizuri huonekana ndefu kuliko ya mtu yeyote.

Sasa tuingie Memphis.

Timu hiyo ilikuwa imemaliza msimu wa 2008–09 kwa kushinda mechi 24 na kupoteza 58. Ukisikia hivyo unadhani chipukizi atapewa uwanja acheze, akosee, ajifunze. Lakini katika nafasi ya senta tayari walikuwa na Marc Gasol, Mhispania aliyetoka kumaliza msimu wake wa kwanza vizuri, ambaye baadaye, mwaka 2013, alikuja kuwa mlinzi bora wa NBA nzima. Wiki chache baada ya drafti wakamleta Zach Randolph, jitu la kugombea mipira chini ya goli, ambaye msimu huohuo aliitwa kwenye mechi ya nyota kwa mara ya kwanza. Watu wawili, nafasi mbili, dakika karibu zote. Timu ikaanza kushinda: 40 kati ya 82 msimu ule. Timu inayoanza kushinda haina dakika za kufundishia. Kocha Lionel Hollins alikuwa na mechi ya kushinda kila usiku, na mtu wa tatu kwenye foleni alikuwa ndiye aliyechaguliwa namba 2.

Hasheem alicheza mechi 68 mwaka wake wa kwanza, wastani wa dakika 13 hivi, pointi 3.1, ribaundi 3.6, bloku 1.3. Hiyo bloku 1.3 ndani ya dakika 13 ni nyingi, na kipaji kilikuwa palepale. Kilichomtoa uwanjani kilikuwa madhambi, kuchelewa hatua moja, na mikono iliyoshindwa kudaka pasi za haraka chini ya goli.

Kuna jambo jingine la kiufundi, na katika mabishano yote niliyoyasikia Dar sijamsikia mtu akilitaja. Katika NBA, tangu msimu wa 2001–02, mlinzi haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde tatu ndani ya eneo lililopakwa rangi chini ya goli kama hamkabi mtu aliye karibu naye kiasi cha kumfikia kwa mkono. Akikaa, mwamuzi anapuliza, wapinzani wanapata mtupo huru mmoja na mpira unabaki kwao. Vyuo vya Marekani havina sheria hiyo. Kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, hazina sheria hiyo. Maana yake ni kwamba kazi ambayo Hasheem aliifanya kwa ubora mkubwa kwa miaka mitatu, kusimama mlangoni na kuulinda, ilipigwa marufuku siku alipoajiriwa.

Akalazimika kutoka. Senta wa NBA anaingia na kutoka kwenye rangi kila sekunde mbili au tatu. Anamfuata mtu wake hadi mbali na goli, na adui anapowekewa kizuizi na mwenzake, senta anatakiwa ajitokeze amkabili mtu mwepesi mwenye mpira, amcheleweshe, kisha arudi mbio kwa mtu wake kabla pasi haijafika. Kazi hiyo inafanywa na miguu na nyonga. Urefu unasaidia mwishoni tu. Kwa aliyezoea kusoma mchezo akiwa amesimama mahali pamoja, ni kama kumchukua kipa ukamwambia acheze beki wa pembeni, halafu umlaumu kwamba anapitwa.

Ndipo ikafika Februari 2010. Kanuni za wakati ule ziliruhusu timu kumpeleka D-League mchezaji aliye katika miaka yake miwili ya mwanzo. Kwa akili ya mpira ulikuwa uamuzi sahihi: huko angecheza dakika nyingi, na dakika ndicho kitu pekee alichokosa. Lakini hapa nyumbani habari ilisikika kama kufukuzwa. Tulikuwa tumezoea kuamka alfajiri, maana mechi inayoanza saa moja jioni Memphis kwetu ni saa kumi usiku wakati wa baridi yao, tukisubiri kocha amwinue Hasheem kutoka benchi. Tukasikia ameshushwa daraja. Neno kushushwa lina uzito wake kwa watu waliokulia kwenye ligi ya soka, ambako timu ikishuka inaliliwa.

Nadhani uamuzi ule ulikosewa kwa kuchelewa na kwa ufupi wake. Kama Memphis walijua wana Gasol na Randolph, mwezi wa Novemba ndio uliokuwa wakati wa kumpeleka Dakota, akae miezi, awe na kocha wake wa miguu, acheze dakika 35 usiku hadi usiku. Alipelekwa msimu ukielekea ukingoni, akarudishwa baada ya muda mfupi. Aibu ya rekodi akaibeba yote, faida ya mafunzo akaipata kidogo.

Msimu wa pili mambo yalizidi kubana. Mechi 45, dakika nane hivi kwa mechi. Februari 2011 Memphis walimpeleka Houston Rockets pamoja na DeMarre Carroll na haki ya kuchagua katika drafti ya baadaye, wakawapata Shane Battier na Ish Smith. Miezi miwili tu baadaye Memphis, wakiwa wa nane katika msimamo wa kanda yao, walikutana kwenye mtoano na San Antonio Spurs waliokuwa wa kwanza. Mechi ya kwanza, zikiwa zimebaki sekunde chache zaidi ya 20, Battier akatupa mtupo wa pointi tatu uliowapa ushindi wa 101–98. Wakaenda kuwatoa Spurs kabisa. Mtu aliyeletwa kwa gharama ya Hasheem akafungua mlango wa mafanikio ambayo Memphis hawakuwa wameyaona kabla. Ukilijua hilo unaelewa kwa nini hakuna aliyekaa Memphis kujiuliza kama yule kijana angeiva baada ya miaka miwili zaidi.

Houston alicheza mechi 7 kwa jumla. Portland 15. Kisha Oklahoma City Thunder, msimu wa 2012–13, mechi 66 katika timu iliyoshinda mara 60 ikiwa na Kevin Durant na Russell Westbrook. Huo ndio msimu wake wa NBA ambao mimi nauthamini zaidi, na hapa Dar hauzungumzwi. Hakuwa tena namba 2 ya mtu yeyote. Alikuwa senta wa akiba kwenye timu iliyowania ubingwa, anaingia dakika 10 au 12, anakaba, anatoka. Kama angechaguliwa namba 37 na kuifanya kazi hiyo hiyo, tungesema kijana wa Makongo amejitahidi. Msimu uliofuata mechi zikapungua hadi 23, na hapo NBA ikaisha: mechi 224, wastani wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7.

Wanaosema alianza mpira akiwa amechelewa wanasema kweli, lakini sababu hiyo peke yake haitoshi, na ni vizuri tuipime kwa haki. Hakeem Olajuwon alianza kikapu Lagos akiwa na miaka 15. Joel Embiid aliuanza Yaoundé katika umri kama huo. Wa kwanza ndiye mwenye bloku nyingi kuliko wote katika historia ya NBA, 3,830. Wa pili alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2023. Basi kuna nini?

Olajuwon alikuwa amecheza mpira wa mikono na kudaka golini kabla ya kikapu, na Embiid alitoka kwenye voliboli na soka. Miguu, mikono na macho yao yalikwishafundishwa kazi. Kikapu kilibadilisha goli tu. Tena Olajuwon, akiwa mwanafunzi Houston, majira ya joto alikuwa akicheza kila siku dhidi ya Moses Malone, mmoja wa masenta wagumu kupata kutokea, katika ukumbi wa Fonde. Alisukumwa na mtu mzima kila jioni, bila kamera, kabla ya kulipwa kwa kazi hiyo.

Dikembe Mutombo wa Kinshasa ni mfano mwingine, na kwangu ndio wenye uzito zaidi. Alipochaguliwa mwaka 1991 alikwenda Denver, timu iliyotoka kushinda mechi 20 kati ya 82, isiyokuwa na senta wa kumzuia njia. Akacheza dakika 38 kwa mechi tangu mwaka wa kwanza. Embiid naye alikaa nje misimu miwili akiuguza mguu, na Philadelphia, waliokuwa wakipoteza karibu kila mechi, walimngoja. Hao wawili walipata nafasi au subira. Hasheem alikuta Gasol na Randolph.

Siandiki haya ili kumwondolea lawama zote. Mchezaji ana wajibu wa mwili wake, na mtu mwenye mkataba wa NBA ana fedha ya kumwajiri mwalimu binafsi majira yote ya joto. Alivyoyatumia majira yale anajua mwenyewe. Lakini tuwe waadilifu: katika drafti ileile Minnesota walikuwa na chaguo la tano na la sita mfululizo, wakawachukua Ricky Rubio na Jonny Flynn, na Stephen Curry, aliyekuja kuwa nyota mkubwa, akaangukia wa saba. Timu kadhaa zilikuwa na nafasi ya kumchukua. Hasheem hakujichagua. Alikaa kwenye kiti chake, akasikia jina lake, akasimama. Kumbebesha yeye hesabu ya James Harden, nyota mwingine aliyemfuata namba 3, ni kumdai deni la watu wengine.

Sasa turudi mjini kwetu, maana kisa hiki kinanigusa kwa sababu ya watoto ninaowaona sasa.

Mtoto wa kidato cha pili mwenye mita 1.95 akitokea kwenye uwanja wowote wa Dar, iwe Don Bosco, iwe Kidongo Chekundu kwenye kile kituo cha vijana cha Jakaya Kikwete kilichofunguliwa mwaka 2015, kinachofuata nakijua mapema. Kocha anafurahi, na ana haki ya kufurahi. Anamwita: "Dogo, wewe usihangaike na mpira. Simama hapo chini ya ringi, kila kinachokuja piga." Kijana anaitikia: "Sawa kocha." Na timu inashinda, kwa sababu katika kanuni za FIBA tunazozitumia hakuna wa kumwambia asisimame pale. Mashindano ya mkoa yanapita, UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, inapita, kijana ana medali mbili na hajawahi kumkaba mtu mbali na goli hata siku moja. Wadogo wenye mita 1.75 wao wanafundishwa kudunda, kupiga pasi, kubadili mwelekeo. Mrefu anafundishwa kusimama.

Simlaumu kocha huyo kwa dharau. Ana mipira mitatu, vijana arobaini, uwanja wa sementi usio na paa, na masika yakija mazoezi yanakatika kwa wiki nzima. Sakafu ya sementi nayo inamfundisha kijana mrefu kuogopa kuanguka na kuogopa kuruka, kwa sababu magoti yanauma. Ukumbi wa ndani ulio na mbao tunao kwa kuhesabu, na foleni yake ni ya mashindano, hauwafikii watoto wa mazoezi. Lakini hata juu ya sementi yako mambo yasiyogharimu chochote. Mrefu acheze namba ya mdogo nusu ya kila mazoezi. Alazimishwe kudaka pasi za chini, za pembeni, za haraka, mpaka mikono ielewe. Acheze soka na wenzake, acheze voliboli. Mazoezini kocha ahesabu sekunde tatu kwa sauti, amtoe kwenye rangi, kanuni ya FIBA iwepo isiwepo. Na mtu mfupi mwenye nguvu awe anamsukuma kila siku, kwa utaratibu, ili Blair wake akutane naye akiwa na miaka 14 badala ya 22.

Baada ya NBA Hasheem hakuacha mpira, na sehemu hii ya maisha yake inapuuzwa isivyostahili. Alichezea Grand Rapids katika D-League, akapotea kidogo machoni pa watu, kisha msimu wa 2017–18 akaenda Japani, Yokohama B-Corsairs, kwenye ligi ya kanuni za FIBA ambako aliruhusiwa tena kusimama mahali anapopajua. Msimu wa 2019–20, akiwa amevuka miaka 32, alirudi ligi ya chini ya NBA na Fort Wayne Mad Ants, katikati ya vijana waliokuwa shule ya msingi wakati yeye anachaguliwa. Safari hii hakuna aliyemtuma. Alikwenda kwa miguu yake, akapanda mabasi yao, akalala kwenye hoteli zao. Kisha Taiwan, kwa timu ya Hsinchu, msimu wa 2020–21. Mtu aliyebweteka kwa fedha ya drafti asingefanya hayo miaka kumi na zaidi baadaye.

Ndiyo maana siku atakapoketi na makocha wetu hapa Dar, ningependa wasiiulize kabisa ile namba 2. Ameulizwa hiyo vya kutosha. Wamuulize kuhusu Storrs, ile misimu mitatu ya Connecticut: Calhoun alianzia wapi na miguu yake, alimfanyisha nini asubuhi kabla ya darasa, nini kilikubali haraka na nini kiligoma. Wamuulize alichokiona Gasol akikifanya kila siku mazoezini Memphis ambacho yeye hakufundishwa Makongo. Waandike majibu. Kisha wayapeleke uwanjani Jumamosi, kwa yule dogo wa mita 1.95.